Hina Mkononi mwa Ashley

Makazi yale ya wazee pale Malaz, ughaibuni Uarabuni, hayakuruhusu mtoto kuishi humo, na binti yetu Ashley, wa miaka minne, aliishi humo tangu Ramadhani iishe.

Mimi nilikuwa dereva wa madam, bibi mzee aliyeishi humo peke yake, na mke wangu mpishi wake. Madam mwenyewe alituambia, "Mleteni huyo mtoto. Nyumba hii imekuwa kama kaburi."

Siku meneja wa makazi alipomkuta Ashley sebuleni akila tende, sikuogopa. Nilijua madam angemtetea.

"Mtoto huyu ni wa nani?" meneja aliuliza.

"Simjui," madam alijibu. "Hawa walimficha jikoni."

"Madam!" mke wangu alisema. "Si wewe humlaza kitandani kwako?"

"Halas, basi. Mtoeni."

Ashley alidhani ni mchezo. Alimkimbilia madam, akaweka kiganja chake kando ya cha madam. "Nyanya, ona! Tunafanana."

Hina ilikuwa ileile, duara katikati na vidole vyekundu hadi kwenye kiungo cha kwanza. Madam alimpaka Alhamisi huku akimwimbia.

Meneja aliiona. Madam akaficha mkono wake ndani ya mtandio.

"Mtoto aondoke, au muondoke wote," meneja alisema.

Tulibaki na kazi zetu. Ashley alirudishwa kwetu Webuye na mwanamke tuliyemjua kwa jina tu, hina ikiwa bado mkononi. Sasa ana miaka tisa. Nikipiga simu, ananiita anko.