Vumbi la Ovaroli

Siku hizo kila nyumba ilikuwa na kisanduku ukutani. Unakikoholea, kinakutajia ugonjwa wako, na kikishautaja hakuna daktari mwenye ruhusa ya kutangua.

Asubuhi hiyo Tunza alikikoholea. Kikamuuliza kazi yake.

"Mwalimu."

"Kifua kikuu. Dawa zinakuja."

Mzee Lugome, baba yake, aliweka kikombe chini. Marehemu mkewe Yustina, mama yake Tunza, aliambiwa maneno hayo hayo, akameza dawa za kifua kikuu miezi minane, mpaka akaingia kaburini na saratani ya utando wa mapafu ambayo hakuna aliyeitafuta. Miaka ishirini alizikung'uta na kuzifua ovaroli za mumewe, zilizorudi na vumbi kutoka kiwanda cha mabati ya asbesto. Lakini alipoulizwa kazi, alijibu mama wa nyumbani.

"Kiambie ulikuwa unamsaidia mama yako kufua," mzee alisema.

"Baba, hayo hakiulizi."

"Wakubwa waliokiunda hawajafua hata leso. Wangejuaje cha kuuliza?"

Tunza akakisogelea. "Tangu nina miaka saba nilikung'uta ovaroli zenye vumbi la asbesto."

"Samahani. Taja kazi."

"Kufua," mzee alidakia.

"Dobi," kisanduku kikasema. "Kifua kikuu. Dawa zinakuja."

Zilikuwa zimeshafika mlangoni, katika pakiti ya bluu kama zile za Yustina. Mzee Lugome alizipokea kwa mikono miwili, akabaki amesimama pale pale, asijue kama amkabidhi mwanawe au la.