Udongo Mwekundu

Bi Rukaya alishindilia vitambaa kwenye ncha za viatu vya marehemu mumewe, Masudi, akakaza kamba, akaanza kukimbia.

Mji wote ule ni mchanga mweupe, lakini kila asubuhi Masudi alikuwa akirudi kutoka kukimbia na udongo mwekundu kwenye soli. "Twende siku moja ukapaone," alikuwa akimwambia. Bi Rukaya alikuwa akivisugua viatu huku akinung'unika kwamba ana chungu motoni.

Hata msikitini hakufika, pumzi zikamwishia. Akatembea, akakimbia tena kidogo, akashika kiuno. Nyuma yake akasikia vishindo: jirani yake Mwanamvua, ndoo ya maji mkononi, kanga inamponyoka.

"Moto uko wapi?"

"Hakuna moto, shoga. Nakimbia tu."

"Mtu mzima, asubuhi yote hii, unakimbia tu?"

Kisha Mwanamvua akaviona vile viatu. Akainamisha ndoo, Bi Rukaya akakinga viganja, akanywa.

"Alikuwa akifika wapi?" Bi Rukaya aliuliza.

"Sijui. Nikiwa kisimani alikuwa akinisalimu, akapita."

Wote wawili wakaitazama njia iliyopita kisimani. Ilikuwa nyeupe hadi macho yalipokoma.

Mwanamvua akamwaga maji yaliyobaki, akaifudikiza ndoo kando ya njia, akajifunga kanga kibwebwe.

"Polepole lakini," alisema. "Na mimi sijawahi."