Goli Msibani

"Goli!" Elieza aliruka mkekani, meno yote nje, na jeneza la mama mkwe wake bado liko sebuleni.

Mkewe, Nakijwa, alimvuta shati kwa hasira. "Mama yangu hajazikwa, wewe unashangilia! Huna haya?"

"Si mimi, ni timu," alinong'ona, akigusa kidude nyuma ya sikio. Siku hizi kila mshabiki wa timu ya chuo hupandikizwa hicho, furaha na huzuni yake zikafuata mechi popote alipo, apende asipende. Elieza aliwahi foleni kukipata.

Makaburini, timu ikafungwa. Elieza akajibwaga udongoni, akalia kuliko wafiwa wote.

"Mkwe huyu alimpenda marehemu," watu wakasema, wakimwinua.

Nakijwa akasaga meno. Shangazi yake akamgeukia.

"Na wewe uliyemnyonya, mbona macho makavu?"