Macho ya Baba

Skrubu ndogo kama chembe ya mchanga ilimponyoka baba, ikadondoka sakafuni.

"Hiyo hapo, mwanangu, ubavuni mwa kiatu chako."

Niliinama, kisha nikaganda. Baba ni fundi saa. Kwa miaka amekuwa akikataa kutengeneza saa za mkononi, akisingizia macho. Macho hayo ndiyo yaliyoiona skrubu. Kilichochoka ni mkono: ulitetemeka hata kibano kikagongagonga meza.

Asubuhi ile daktari alikuwa amenieleza kwa nini mwanangu hasemi. Kuna jeni iliyorefuka kidogo. Mwanamume aliyenayo huweza kutetemeka mikono uzeeni, na huwarithisha binti zake wote. Kutoka kwa mama kwenda kwa mtoto, huweza kurefuka zaidi na kumdumaza akili.

"Baba, ulijua?"

Aliuficha mkono chini ya meza. "Walinipima hospitalini kabla hujaolewa. Ningesema, nani angekuchumbia?"

"Mama mkwe ananiita mkosi mbele yako, nawe unamwitikia, 'Tumwachie Mungu'!"

"Punguza sauti. Mdogo wako yuko chumbani anajaribu gauni la harusi. Nakuomba, mama, usimharibie."

"Mficha uchi hazai, baba. Wewe ulizaa, kisha ukaficha; tunaolipa ni sisi."

"Mimi ni baba yako!"

"Na yeye pia, wewe ni baba yake."

Nilivuta pazia la chumbani. Mdogo wangu aligeuka akicheka, zipu ikiwa wazi mgongoni.

"Dada, umefika! Hebu nifungie."

"Keti kwanza," nikamwambia.