Mchezaji wa Pili

Kila gemu mpya ilipoingia kwenye banda lake la kuchezesha gemu za runinga, Mwatumu aliicheza kwanza yeye mwenyewe, kisha akaandika hukumu yake mlangoni kwa chaki. Ya magari: "Inang'aa, roho hamna." Ya vita: "Kelele tupu." Wateja walisoma, wakacheka, wakaingia.

Siku hiyo Kibwana, mteja wake wa siku nyingi, alileta gemu ya kupika, ya watu wawili. Akanyoosha mkono kwenye pedi ya pili ya kuchezea, ile iliyofungwa kitambaa cha buluu.

"Hiyo iache. Ya Shomari."

"Dada, mumeo mwaka wa tatu huu yuko ng'ambo."

"Nimekwambia iache!"

Kibwana akaondoka amenuna. Mwatumu akacheza peke yake. Alipokuwa anakata vitunguu upande wake, upande wa pili wali uliungua kwa kukosa wa kuuepua. Akarudia mara tatu, ukaungua mara tatu.

Akachukua chaki akaandike kasoro za gemu hiyo. Mlangoni akaanza neno, akalifuta kwa kiganja, ndipo akaandika: "Gemu haina kosa."

Nyuma yake, runinga iliendelea kumwita mchezaji wa pili.