Simu za Jumamosi

Redio ya wanyama wa bondeni ilikuwa na meneja Ngiri, aliyepima kila kipindi kwa wingi wa simu.

Kila Jumamosi asubuhi, siku ya gulio, Kobe alieleza hewani, polepole, Mamba amelala kivuko kipi na kipi ni salama. Wanyama walinyamaza, wakamsikiliza, kisha wakavuka.

"Mzee Kobe," Ngiri alisema walipokuwa wanapanga ratiba ya wikiendi, "mwezi mzima hujapigiwa simu hata moja. Jumamosi nampa Chiriku."

"Aliyesikia vizuri atauliza nini?" Kobe alijibu.

"Ratiba imeshapita, mzee. Kapumzike."

Jumamosi ilipofika, Chiriku alishika kipaza sauti akamwaga maneno kama mtama. Hata salamu hazijaisha, simu zikaanza kuita zote kwa pamoja. Ngiri akagonga meza kwa kwato. "Mnaona? Hiki ndicho kipindi!"

Chiriku akapokea ya kwanza. "Tuko mtoni. Leo tuvukie wapi?" Ya pili ikauliza hilohilo. Ya tatu pia. Chiriku akamgeukia Ngiri.

Ngiri akanyakua simu ya nne mwenyewe.

"Baba Kurwa," sauti ya mkewe ilisikika hewani, "Kobe yuko wapi? Nimeshaingia majini na Kurwa na Doto, na lile gogo lililokuwa ng'ambo silioni tena."

Ngiri akafumbua kinywa. Simu nyingine zote zikaacha kuita. Bonde zima lilikuwa linamsikiliza, naye hakuwa na la kusema.