Kibuyu cha Ukweni

Kibuyu kilikuwa kimejaa maziwa hadi shingoni, na Cephas alikuwa amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyepakatishwa mtoto asiyemjua.

"Kunywa, omera, ndugu yangu," Maurice alimnong'oneza. "Watu wanaangalia."

Kweli walikuwa wanaangalia. Mzee Nyamohanga, mwenye boma na mwenye binti, alikuwa amekaa mbele yake. Mkewe alikuwa kando, na Robi mwenyewe alisimama mlangoni, leso begani. Wote watatu walikuwa na vikombe vya strungi, chai kavu isiyo na maziwa. Maziwa alipewa Cephas peke yake, na heshima hiyo ilimtoa jasho.

Shida ilianzia kwa Robi. Robi alifanya kazi ya maabara katika kliniki moja Homa Bay, na mapenzi yao yalianza siku alipompima Cephas damu, akampa somo ambalo fundi huyo wa injini za boti hakulisahau.

"Maziwa mabichi, hapana," alimwambia. "Kuna vijidudu vya brusela. Hivyo haviishii tumboni. Vinaingia kwa damu, vinakukalia mgongo, vinashukia magoti. Na kwa wanaume..." Hapo akaelekeza kalamu mahali ambapo Cephas alipategemea sana kwa mipango yake ya baadaye. Cephas akaapa palepale kwamba hatagusa maziwa yasiyochemshwa mpaka kufa.

Lakini kuapa Homa Bay ni rahisi. Sasa alikuwa Kehancha, ukweni, amekuja kuposa.

"Yamechemshwa?" aliuliza kwa sauti ndogo.

"Yametoka kwa ng'ombe saa hii," mzee alijibu. "Si unaona povu? Ingawa hao ng'ombe mwaka huu wamenitesa. Watatu wametupa mimba." Akajisogeza kitini polepole, akishika kiuno kwanza, kisha magoti, huku akiguna.

Maurice alikuwa mshenga, yule ambaye Wajaluo humwita jagam. Alikuwa amefunganisha ndoa sita, na mbili kati ya hizo zilikuwa bado zimesimama. Akainama sikioni mwa Cephas. "Ukikataa maziwa ya hawa watu, umekataa mtoto wao. Na mimi sirudi huku kuomba msamaha."

Mlangoni Robi alikohoa. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, akamkazia Cephas macho.

"Unaona?" Maurice akasema. "Anakuharakisha."

Cephas akaufikiria mgongo wake. Akayafikiria magoti. Akapafikiria na pale pengine, kwa huzuni, kama mtu anayeaga. Kisha akamfikiria Robi akiolewa na mwanamume mwingine, na moyo ukamuuma kuliko brusela yoyote. Ugonjwa una dawa, alijiambia, lakini kumkosa Robi atakutibu nani?

Akafumba macho, akakiinua kibuyu.

Alikunywa bila kupumua. Maziwa yalimtiririka kidevuni, yakashuka hadi kwenye kola ya shati alilonunua kwa ajili ya siku hiyo. Maurice alikuwa akimhesabia mafunda kwa vidole, na alipofika kumi na nne vidole vikamkanganya, akaacha. Cephas akaendelea. Alipokigeuza kibuyu juu chini, hakikudondosha hata tone. Akajifuta mdomo kwa mkono, akatabasamu, akajiona tayari mume wa mtu.

Hakuna aliyepiga kigelegele.

Mzee Nyamohanga akamgeukia bintiye. "Si ulisema huyu anasikia akiambiwa?"

Robi alikuwa amejifunika uso kwa leso. "Nilidhani, baba."

"Basi ni wa nne kuanguka mtihani," mzee akamwambia mkewe, akimpokonya Cephas kibuyu. "Kioshe kwa maji ya moto. Wa tano anakuja Jumamosi."